Maandishi Nyuma ya Picha

Katika gulio la vitu vikuukuu, pale katikati ya jiji la Birmingham, kuna sheria moja ambayo haikubandikwa popote na kila mtu anaijua: hapapigwi picha. Jaribu uone. Akija mwanafunzi wa chuo na kamera yake ya shingoni, kabla hajavua kifuniko muuza mabeseni atakuwa ameshampa mgongo, muuza viatu ameshajikinga uso kwa buti, na yule bibi wa vikombe vya udongo ameshamtolea maneno yasiyofaa kurudiwa hapa. Wana sababu zao. Mmoja hataki mkwewe ajue anauza nini, mwingine amemwambia bosi wake wa kazi ya pili kuwa yu mgonjwa, na waliobaki wamechoka tu kufanywa maonyesho.

Ila Mwanamize. Mwanamize binti Makungu, mjane wa Kizanzibari wa miaka hamsini na sita, alipiga picha sokoni hapo kwa miaka kumi na mmoja, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na hakuna aliyemgeuzia uso. Alikuwa mwenzao. Meza yake ya mapazia ya mtumba ilikuwa safu ya mlangoni, mahali pazuri pa biashara na pabaya pa baridi, na wateja walipopungua aliitoa kamera chini ya meza akaenda kuwazungukia wenzake.

Kamera yenyewe aliipata humo humo sokoni, ndani ya kasha la vikorokoro vya marehemu mmoja wa Longbridge, aliyekuwa fundi wa kiwanda cha magari enzi hizo kiwanda kipo. Mjane wake alikuwa anauza kila kitu. Mwanamize akabadilishana naye kwa pazia zito la zambarau, la sebuleni, na mpaka leo anaamini kuwa alimpunja yule bibi. Ilikuwa kamera ya mkanda, ya kusubiri. Ukishapiga, unapeleka mkanda dukani ukasafishwe, unakaa wiki nzima hujui umepata nini.

Hakupenda watu wajipange na kuchekea kamera. Alipenda wanavyokuwa. Alimpiga Sukhdev wa redio mbovu akiwa amelala na sikio juu ya redio. Aliipiga mikono ya mama asiyemjua, inampimia mtoto koti lililomzidi ukubwa ili limfae na mwakani. Alipiga mvua ikivuja kwenye paa, na ndoo tatu zimepangwa chini yake zikiwa na bei ubavuni, kwa sababu muuza ndoo hakuona kwa nini zisiuzwe huku zikifanya kazi.

Na alikuwa na desturi, aliyotoka nayo kwao Ng'ambo, Unguja. Kwao picha haikuwa picha mpaka iandikwe nyuma. Mama yake alikuwa na kopo la biskuti limejaa picha, na kila moja ukiigeuza unakuta mkono wake: ukumbusho wa harusi ya fulani, aliyesimama kulia ni nani, mvua ilinyesha, pilau ilitosha. Picha isiyoandikwa, alisema mama, baada ya miaka hamsini inakuwa mtoto wa kuokotwa, kila mtu anamtazama na hakuna anayejua ni wa nani. Basi Mwanamize kila picha alitoa nakala mbili. Moja alimpelekea mwenyewe wiki iliyofuata, ya pili aliitia kwenye boksi la viatu, na zote aliziandika nyuma kwa Kiswahili, hata kama mpokeaji ni Mpunjabi au Mwingereza. Watu walizipokea hivyo hivyo. Sukhdev hakujua hata herufi moja ilimaanisha nini, akaibandika ya kwake juu ya friji.

Majina aliyaandika kama alivyowaita. Inderpal wa skrubu. Bibi wa vikombe. Mama Héritier. Majina ya serikali hakuyataka. Majina ya serikali yana ofisi zake.

Huyo Mama Héritier alikuwa Mkongo wa Bukavu, amefika Uingereza na watoto watatu na mkoba mmoja, anakaa Erdington na anauza nguo za watoto. Meza yake, safu ile ile ya mlangoni, ilipakana na ya mzee Inderpal, Kalasinga mwenye kilemba cha bluu, aliyeuza skrubu, bawaba na bisibisi juu ya meza aliyoirithi kwa baba yake. Inderpal figo zilikuwa zimemchoka. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, na moja ya siku hizo ilikuwa Jumanne, siku ya soko. Jumanne hizo zote Mama Héritier alikaa katikati ya meza mbili, mkono huu anauza vijisoksi, mkono ule anauza bawaba, na Inderpal akirudi alimletea mfuko wa machungwa. Hapakuwa na zaidi ya hapo baina yao, na hapakuhitajika zaidi.

Sasa, leseni ya soko inasema mwenye meza awepo mezani mwenyewe, na akitaka msaidizi amwandikishe ofisini. Wakubwa wa zamani waliijua sheria hiyo, na waliijua pia hali ya watu. Wakipita wakamkuta Mama Héritier kwenye skrubu, waliuliza bei ya bisibisi wakaenda zao. Utasema, si angemwandikisha tu? Inderpal aliona kumwandikisha jirani ni kumfanya kibarua, ni kumvunjia heshima. Na Mama Héritier alikuwa ameandikishwa mpakani, akaandikishwa kambini, akaandikishwa uwanja wa ndege, na kila alipoandikishwa kuna kitu kilimpata. Hakutaka tena. Basi walikaa hivyo miaka minne, na Mwanamize aliwapiga picha, akaandika nyuma: *Jumanne, mvua. Mama Héritier ameishika meza ya Inderpal, mwenyewe yuko hospitali kusafishwa damu. Mungu amponye.*

Tuje kwa Asmahan.

Asmahan alikuwa shoga yake Mwanamize, na neno hilo nalitumia kwa uzito wake wote. Miaka kumi na tisa. Maulid, mumewe Mwanamize, alipofariki, Asmahan ndiye aliyekaa naye edani. Miezi minne na siku kumi alikuja kwa treni kutoka Erdington na chakula ndani ya taulo, akapika, akafua, akamsuka nywele mwenzake, na alipoona analia akalia naye, hakumwambia anyamaze. Mtu wa namna hiyo humhesabu tena kama mgeni. Unampa ufunguo.

Kazi yake ilikuwa ukalimani. Hospitali, mahakama, ofisi za nyumba, popote palipokuwa na Mswahili asiyejua Kiingereza na Mwingereza mwenye fomu, Asmahan aliitwa, na beji yake shingoni. Aliipenda kazi yake na aliipenda zaidi kuieleza.

"Mkalimani hana maneno yake, mwenzangu," alikuwa akisema. "Siongezi, sipunguzi. Mtu akisema 'mimi', na mie nasema 'mimi'. Akitukana, natukana. Na yasemwayo chumbani mule nshayalia kiapo, hayatoki."

Kisha akasimulia. Alisimulia jinsi alivyosimama mbele ya daktari, yeye Asmahan na hijabu yake, akasema kwa sauti ya upole: mimi nimeoa wake watatu, wote wamenikimbia kwa sababu ya kukoroma. Mwanamize alicheka mpaka akashika mbavu. Jina la mgonjwa Asmahan hakulitaja, lakini kisa alikitoa chote na chumvi juu, na hakuna aliyemuuliza kiapo kimekwenda wapi. Shoga yako hahojiwi.

Kila Ijumaa baada ya sala alifika Ladywood, ghorofa ya tisa, wakala wali na mchuzi wa samaki juu ya jamvi, halafu boksi la viatu likafunguliwa. Asmahan sokoni hakwenda, vumbi lilimbana kifua, lakini aliwajua watu wote wa pale kwa picha. Ndiye aliyezipanga kwa miaka. Alisoma yaliyo nyuma kwa sauti, akamsahihisha Mwanamize mwandiko, akasema siku moja picha hizi zitatafutwa na watu wakubwa.

Zikatafutwa kweli. Mwaka jana soko lilikabidhiwa kampuni mpya ya kuliendesha, na kampuni ikaja na Oliver, bwana mmoja wa miaka kama arobaini, ndevu zimechanwa, mikono laini, anayekumbuka jina la kila mtu. Oliver alinunua pazia kwa Mwanamize, na sikuambii pazia lenyewe lilikuwa na kovu la pasi. Alisikia habari za picha. Akasema anataka kufanya maonyesho katika duka lile tupu la mlangoni, watu wa jiji waone uhai wa soko lao, ukuta mzima, na jina la msanii juu.

Hakuna aliyewahi kumwita Mwanamize msanii. Usiku ule—hapana, hata usiku hakuungoja. Jioni ile ile kwenye basi alikuwa analirudia neno lile mdomoni. Na bado hakuwa mjinga. Aliwauliza wenzake mmoja mmoja, meza kwa meza, mnaniruhusu? Walimruhusu kwa sababu ni yeye. Inderpal alimwambia, kwa Kiingereza chao cha sokoni, aiweke picha yake ukuta mkubwa, kilemba kionekane vizuri. Mama Héritier akasema, "Dada, kama ni weye njo unatoa, mi naitika. Kwa mutu mwingine, jamais."

Oliver alitaka boksi zima, picha zenyewe, ili ofisini wazipitishe kwenye mashine. Mwanamize akampa. Likarudi baada ya wiki mbili, picha zimefungwa mafungu mafungu kwa raba, kila moja imebandikwa namba. Alidhani namba ni za ukutani.

Ijumaa moja, maonyesho hayajatajwa tena, Asmahan alikuja kama kawaida. Alikula vizuri. Alisifu samaki. Alipokuwa ananawa mkono akauliza, bila kugeuka, "Hivi huyu Mama Héritier wako, jina lake hasa nani vile?"

"Kuna nini?"

"Kuna mafunzo ya bure ya wanawake waliokuja kama wakimbizi, ya kompyuta. Nataka nimwandikishe. Watataka jina kamili."

Mwanamize alifurahi, jamani, alifurahi. Mama Héritier alikuwa amemwambia jina lake siku moja tu, ndani ya basi, wakitoka kumzika Mkongo mwenzao, na alilitaja kama mtu anayetoa kitu kilichofunikwa. Lakini jambo la kheri halifichwi. "Marie-Claire Nabintu," alisema, akamtajia herufi moja moja, tena akamshukuru. Akamfungia na visheti vya kula kwenye treni.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Inderpal alikuja sokoni na barua.

Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akaiweka juu ya skrubu zake ili wenzake waione. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba mwenye meza hakuwapo mezani kwa siku kumi na nane zinazojulikana, na tarehe zote zimeorodheshwa. Ameitwa kusikilizwa Jumatano ijayo, yeye na aliyeishika meza yake, na leseni zote mbili zinaweza kufutwa. Ushahidi ni picha. Na chini ya kila namba ya picha yaliandikwa maneno ya nyuma yake, yamegeuzwa Kiingereza kizuri kabisa: Jumanne, mvua, Bi Marie-Claire Nabintu ameishika meza ya Inderpal, mwenyewe yuko hospitali kusafishwa damu, Mungu amponye. Hata dua waliitafsiri.

Kila mtu alijua sababu. Safu ya mlangoni ilikuwa inatakiwa kwa vibanda vya kahawa, na watu wa safu ile hawakuwa wametenda kosa la kuwaondolea, mpaka kosa lilipopatikana ndani ya boksi la viatu. Sukhdev alimtazama Mwanamize akatema mate pembeni. Bibi wa vikombe akafunika vyombo vyake kwa kitambaa, ingawa hakuna aliyeshika kamera.

Mama Héritier hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

"Dada Mwanamize," alisema, "picha, voilà, picha tuliitika sisi wote. Ile sikukasirikie. Lakini jina yangu? Kwa leseni iko Nabintu, lakini hapa soko muzima, nani anajua Nabintu njo Mama Héritier? Hata Inderpal hajui. Ni weye tu. Nilikuambia kwa bus, tunatoka kuzika mutu."

Mwanamize alichukua ile barua akaisoma mwenyewe, kidole chini ya kila mstari. Miaka yote hiyo aliandika Mama Héritier. Hakuna picha hata moja aliyoandika Nabintu. Kampuni haina Mswahili, ilibidi itafute mtu wa kuwafasiria, na huyo mtu aliyefasiri hakutosheka na yaliyoandikwa. Alikwenda akalitafuta jina. Na jina hilo katika dunia nzima Mwanamize alilitia katika sikio moja tu, juu ya jamvi lake, Ijumaa.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na wanasema kwa wepesi kwa sababu hawajakipata. Mwanamize alitaka kumwambia Mama Héritier, si mimi, ni fulani, na mdomo ukakataa. Kulitamka jina la Asmahan pamoja na jambo lile ilikuwa ni kama kukubali kwamba limetokea. Alisema tu, "Nisamehe, sikuliandika." Mama Héritier akaondoka kurudi kwenye nguo zake za watoto.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Alituma ujumbe: *Asmahan, nipigie, nimefikwa.* Alama mbili za bluu zikatokea, maana yake umesomwa, na jibu halikuja. Ijumaa alipika kama kawaida, samaki yule yule, akaweka sahani mbili. Akangoja mpaka alasiri. Kisha akala peke yake, na alikula kwa hasira, na alilia, na bado moyoni alikuwa anamtafutia mwenzake udhuru. Huenda walimlazimisha. Huenda yupo mkalimani mwingine. Mtu aliyekaa nawe edani humhukumu kwa karatasi ya ofisini? Alijikuta anamwomba Mungu kwamba huyo msaliti awe mtu yeyote mwingine, hata mwanawe wa kumzaa.

Jumatano wakapanda ngazi za ofisi iliyo juu ya soko: Inderpal na suti yake ya harusi za watu, Mama Héritier na kitenge kipya, na Mwanamize, aliyeitwa kama shahidi aje na boksi lake kwa sababu picha ni zake. Hakuna aliyemsemesha. Ndani alikuwapo Oliver, na mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa mwenyekiti wa kikao. Mwenyekiti akasema wasubiri kidogo, Bi Nabintu ameomba mkalimani na kampuni imemtafutia.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Asmahan na beji yake shingoni.

Angeweza kukataa. Mkalimani akimjua mtu aliyemo kesini anaruhusiwa kukataa, na hilo Mwanamize alilijua kwa kuambiwa na Asmahan mwenyewe. Lakini aliingia, akavuta kiti, akaweka daftari gotini. Hakumtazama Mwanamize. Aliwaeleza wote, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, kuwa atafasiri kila kitakachosemwa chumbani mle, bila kuongeza wala kupunguza.

Inderpal alisema damu yake haijui siku za soko. Alisema meza ni ya baba yake tangu kabla paa halijawekwa. Mama Héritier akasema, na Asmahan akasema baada yake, kwa ile sauti yake tulivu: mimi sikulipwa kitu, mimi nilikaa kwa sababu ni jirani yangu na anaumwa, mimi kwetu hata adui akiumwa unamfungia ng'ombe wake zizini. Alifasiri vizuri mno. Hata katika hali ile Mwanamize aliliona hilo, na likamuuma kwa sababu alikuwa amelionea fahari miaka yote.

Kisha akaulizwa yeye. Picha hizi ni zako? Mwandiko ni wako?

Mwanamize alijua Kiingereza cha kutosha kuuza mapazia na kugombana na watu wa umeme. Lakini aliomba kusema kwa Kiswahili. Mwenyekiti akasema ni haki yake. Mwanamize akasimama.

"Picha ni zangu, na mwandiko ni wangu," alisema. "Nyuma nimeandika Mama Héritier. Zigeuzeni muone. Jina jingine sikuliandika."

Asmahan akafasiri. Mwenyekiti akazigeuza picha mbili tatu, akalinganisha na karatasi yake, akakunja uso kidogo.

"Hilo jina jingine nimelitaja mara moja tu. Nimelitaja nyumbani kwangu, siku ya Ijumaa, kwa shoga yangu niliyempakulia wali. Aliniambia anataka kumwandikisha yule mama mafunzo."

Asmahan akafasiri. Mama Héritier, aliyekuwa anatazama sakafu, akainua kichwa, akamtazama mkalimani kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Sasa nataka kumuuliza," Mwanamize alisema. "Asmahan. Siku ile ulipokaa kwenye jamvi langu ukala kwa mkono wako, zile karatasi zilikuwa zishakuwamo mkobani mwako?"

Oliver na mwenyekiti walimgeukia mkalimani, kwa sababu hawakuelewa kitu na ni zamu yake. Asmahan akafanya kazi yake. Kwa Kiingereza safi, kwa mdomo wake mwenyewe, alisema: sasa nataka kukuuliza, Asmahan, siku ile ulipokaa kwenye jamvi langu ukala kwa mkono wako, zile karatasi zilikuwa tayari mkobani mwako? Hakuongeza neno wala hakupunguza.

"Asmahan ni nani?" akauliza mwenyekiti.

Asmahan alijibu kama wakalimani walivyofundishwa kujitaja wakiwa kazini. "Mkalimani," alisema. "Mkalimani ndiye Asmahan."

Mwenyekiti akamtazama Oliver. Oliver akawa anatafuta kitu ndani ya faili lake. Yule mama akavua miwani, akaivaa tena, akasema maneno machache kwa adabu. Mwanamize alikuwa ameyaelewa, lakini sheria ilikuwa sheria, na Asmahan ilimlazimu amgeukie. Sasa ndipo walipotazamana. Na Asmahan akamfasiria, uso kwa uso, kwa Kiswahili kile kile cha juu ya jamvi:

"Mkalimani hayupo hapa kujibu maswali. Tafadhali tuendelee."

Wakaendelea. Uamuzi haukuchukua nusu saa. Mama Héritier alipewa onyo. Inderpal meza yake inachukuliwa mwisho wa mwezi. Mzee aliikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa ndani wa suti, akashukuru, kwa sababu alilelewa kushukuru. Akamwendea Mwanamize, na hasira hakuwa nayo hata kidogo.

"Dada," alimwambia, "picha zangu zote nataka unirudishie. Zile za kwenye boksi lako. Usibaki na hata moja."

Mwanamize akaitikia kwa kichwa. Mama Héritier akamshika mzee mkono akamshusha ngazi taratibu. Ukweli sasa alikuwa ameujua, alikuwa amesikia kila neno. Lakini jina lake lilitoka kwa mdomo gani kwanza pia alikuwa amelijua, na hakugeuka nyuma.

Asmahan alikuwa anangoja kwenye ujia. Beji alikuwa ameshaivua.

"Mwanamize, mwenzangu, nisikilize. Walinletea kazi kwenye email, sikujua picha ni za nani mpaka nlipofungua. Nshaikubali. Ningekwambia ningevunja kiapo, na kiapo changu unakijua. Wao ndo walouliza huyu mama ni nani, wanataka kazi kamili, mie nkasema, nikiwapa nusu watampa mtu mwengine, basi afadhali iwe mie. Sikujua watayafanya haya. Wallahi sikujua. Shoga yangu, sema neno."

Alinyoosha mkono kumshika bega. Ulikuwa mkono ule ule uliomsuka nywele miezi minne na siku kumi, na Mwanamize aliutamani, hilo tusifiche. Kama alikuwapo mtu wa kumlilia jambo lile, ni Asmahan huyo huyo. Akarudi nyuma hatua moja. Tangu wajuane hawakuwahi kusemeshana Kiingereza hata siku moja, hata mbele ya wageni, hata kwa mzaha. Mwanamize akalitengeneza buibui lake, akamtazama kama anavyomtazama mteja aliyekosea meza.

"Thank you, madam," alimwambia. "I don't need interpreter."